Nani Analala, Pikipiki au Mwendeshaji? Uhakiki wa Lugha ya Kukata Kona

Utangulizi

Pikipiki imekuwa chombo cha riziki cha vijana wengi wa Afrika Mashariki, na kwa hiyo imekuwa pia jambo la lugha. Kijana anayejifunza kuiendesha hufundishwa kwa Kiswahili, na vijitabu vya mafunzo, ambavyo aghalabu asili yake ni Uingereza au Marekani, hutafsiriwa kwa Kiswahili ili vimfikie. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki sehemu moja tu ya maandishi ya namna hiyo, nayo ni ile inayoeleza jinsi mwendeshaji anavyopaswa kuuweka mwili wake anapokata kona.

Tumeichagua sehemu hii kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali ambapo maneno machache hubebeshwa matendo mengi, na hivyo ni kipimo kizuri cha umakini wa mfasiri. Pili, makosa ya hapa hayaishii kwenye karatasi. Mfasiri wa hadithi akikosea, msomaji hukunja uso. Mfasiri wa mafunzo ya kona akikosea, msomaji huingia mtaroni.

Rai yetu ni kwamba Kiswahili kina vitenzi vya kulieleza jambo hili kwa usahihi unaozidi ule wa Kiingereza, ambacho ndicho tunachotafsiri kutoka kwacho mara nyingi. Hata hivyo, wafasiri wetu huviacha vitenzi hivyo na kuufuata ufinyu wa matini ya asili. Matokeo yake ni maandishi yasiyosema nani anatenda nini.

Jambo lenyewe

Hapana budi tuanze na kitu kabla ya jina lake. Gari la magurudumu manne hugeuza magurudumu ya mbele na kufuata njia. Pikipiki haiwezi kufanya hivyo ikiwa wima. Chombo chenye magurudumu mawili yaliyofuatana sharti kilale kuelekea upande wa ndani wa kona, ili uzito wake usawazishe ile hali ya kutaka kupinduka upande wa nje. Kadiri mwendo unavyozidi, au kadiri kona inavyokaza, ndivyo chombo kinavyotakiwa kulala zaidi.

Tutoe mfano wa hesabu. Tuseme kona ina nusu kipenyo cha mita 30. Kwa fizikia ya kawaida, bila kuhesabu unene wa tairi, pikipiki inayopita hapo kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa italala kiasi cha nyuzi 23 kutoka wima. Kwa kilomita 50 italala nyuzi 33, na kwa kilomita 60 itafika nyuzi 43. Yaani mwendo umeongezeka kwa nusu tu, lakini pembe imekaribia kuwa maradufu. Msuguano kati ya tairi na barabara nao una mpaka. Mpaka huo hupungua sana lami inapolowa, au inapokuwa na mchanga.

Sasa mwili wa mtu unaingiaje? Mwendeshaji wa kilo 70 juu ya pikipiki ya kilo 120 ni zaidi ya theluthi moja ya uzito wote unaokata kona. Akiuhamisha mwili wake, anakihamisha kitovu cha uzito wa mtu na pikipiki pamoja. Kwa sababu hiyo zipo namna tatu za kuuweka mwili. Ya kwanza, mwili na pikipiki hulala kwa pembe moja, kama kitu kimoja. Hii ndiyo inayofaa kwa safari za kawaida barabarani. Ya pili, mwili huenda ndani ya kona kuliko pikipiki. Hapo kitovu cha uzito husogea ndani, na pikipiki haihitaji kulala sana kwa mwendo ule ule. Ya tatu, pikipiki hulazwa huku kiwiliwili kikibaki wima juu yake. Hapo pikipiki hulala zaidi kuliko mtu. Namna hii ya tatu hufaa kwa kona za polepole sana, kama vile kugeuza katika njia nyembamba, na kwa njia za changarawe au mchanga ambako gurudumu linaweza kuteleza wakati wowote.

Katika namna zote tatu yapo mambo yasiyobadilika. Mwendo hupunguzwa kabla ya kona, si ndani yake. Mwili huwekwa tayari kabla ya pikipiki kuanza kulala, kwa sababu kujisogeza katikati ya kona huiyumbisha. Macho hutazama mahali kona inapotokea, si mbele ya gurudumu. Magoti hulibana tangi la mafuta, miguu hukaza juu ya vikanyagio, na mikono hulegea viwiko vikiwa vimekunjwa, maana usukani ni wa kuongozea, si wa kujishikilia.

Hayo ndiyo mambo ambayo lugha inatakiwa kuyabeba. Tuone inavyoyabeba.

Kuinama, kuegemea, kuning'inia

Tuchukue agizo la namna inayokutwa mara nyingi katika miswada ya mafunzo: "Unapofika kwenye kona, inama upande wa kona." Sentensi hii ni fupi, ni fasaha kwa sarufi, na haifai. Tatizo lake la kwanza ni kitenzi chenyewe. Kuinama, kwa Mswahili, ni kupinda kiuno na kushuka mbele. Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Hawakumaanisha kwenda upande. Mwanafunzi mtiifu akilifuata agizo hilo atakunja mgongo juu ya tangi, kidevu kitashuka, na macho yatatazama gurudumu la mbele. Hivyo ndivyo mwalimu asivyotaka. Neno la kawaida kabisa limemfundisha mwanafunzi kosa, na hakuna atakayeona kwamba limefanya hivyo, kwa kuwa kila mtu analielewa.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Agizo hilo linamwambia mtu, halisemi lolote juu ya pikipiki. Je, ainame yeye na pikipiki ibaki wima? Je, walale wote wawili? Kiingereza, ambacho ndicho chanzo cha agizo hilo, kina neno moja linalotumika kwa mtu na kwa mashine pia, na msomaji wake huachiwa muktadha, au picha iliyo pembeni, imwambie ni kipi kinachokusudiwa. Mfasiri wetu amelichukua neno moja na kuweka neno moja. Amekuwa mwaminifu kwa idadi, si kwa maana.

Wengine, kwa kuona kasoro ya kuinama, hukimbilia kuegemea. Neno hili lina uzuri wa kuonyesha upande. Bali lina dai ambalo barabara haiwezi kulitimiza. Anayeegemea anaegemea kitu: ukuta, mti, fimbo, au mtu. Kwenye kona hakuna cha kuegemea. Tena mwanafunzi anayeambiwa aegemee hutafuta mahali pa kutulizia uzito wake, na mahali anapopaona mara moja ni usukani. Mikono ikiubeba mwili, usukani hauwezi tena kujirekebisha, na pikipiki hukataa kufuata njia.

Neno la tatu ni kuning'inia, linalotumika zaidi katika maelezo ya mashindano, pale mwendeshaji anapotoa nusu ya makalio nje ya kiti na goti lake likakaribia kugusa lami. Wanaotajwa sana kwa kuueneza mtindo huo ni Jarno Saarinen wa Ufini, bingwa wa dunia wa daraja la 250 mwaka 1972, na Kenny Roberts wa Marekani, bingwa wa daraja la 500 mwaka 1978, 1979 na 1980. Katika miaka ya 2010 Marc Márquez wa Hispania aliuendeleza hata kiwiko kikagusa lami, pikipiki ikiwa imelala zaidi ya nyuzi 60. Kwa mtazamaji, kweli mtu huyo ananing'inia. Lakini istilahi ya mafunzo haiandikiwi mtazamaji, inaandikiwa mtendaji. Embe huning'inia, na nguo kwenye kamba huning'inia, vyote vikiwa vimeshikiliwa kwa juu, bila nguvu vyenyewe. Mwendeshaji hashikiliwi kwa juu. Anajikaza kwa paja la nje lililobana tangi na kwa mguu uliokaza kikanyagio. Akining'inia kweli, atakuwa ananing'inia kwenye usukani, nasi tumekwisha kuona matokeo yake.

Lugha nyingine zimefanyaje

Si vibaya kutazama jirani anavyoezeka nyumba yake kabla ya kuezeka yetu. Wajerumani, katika mafunzo yao ya pikipiki, hutenganisha namna zile tatu kwa majina matatu. Ya kwanza huiita kwa kitenzi chenye maana ya kulaza, Legen. Ya tatu, ile ya kiwiliwili kubaki wima, huiita Drücken, yaani kugandamiza, kwa sababu mwendeshaji huigandamiza pikipiki ilale chini yake. Ya pili wameiazimia jina kutoka Kiingereza. Wafaransa, kwa upande wao, huiita hiyo ya pili kwa jina linalotokana na nyonga, kwa kuwa nyonga ndiyo inayotoka kwenye kiti. Naye Mmarekani Keith Code, katika kitabu chake cha mwaka 1983, A Twist of the Wrist, alikipa kitabu kizima jina la kusokota kifundo cha mkono, yaani ule mkono unaoongeza na kupunguza mafuta.

Mifano hii inatufundisha jambo moja. Kila lugha imechagua kitendo au kiungo kimoja na kukipa heshima ya kuwa jina. Uchaguzi huo si wa lazima kwetu. Tukitafsiri jina la Kifaransa tutapata istilahi ya nyonga, ambayo kwa masikio ya Waswahili ina ngoma ndani yake, na darasa zima litacheka. Tukitafsiri la Kijerumani tutapata kugandamiza, neno sahihi kwa mikono lakini lisilosema kiwiliwili kifanye nini. Tunachotakiwa kuazima ni utaratibu wao, si maneno yao: matendo matatu, majina matatu.

Utajiri wa kulala

Kati ya maneno yote, lile ambalo waendeshaji wenyewe hulipendelea ni kulala. Husemwa kwamba fulani "analala na kona", na wote wanaelewa. Wako wanaolikataa kwa hoja kwamba kulala ni kwa usingizi, na kwamba pikipiki iliyolala ni pikipiki iliyoanguka. Hatuikubali hoja hiyo. Mti hulala kwa upepo bila kuanguka, na chombo cha tanga hulalia upande bila kuzama. Mabaharia wa pwani yetu wanaijua sana hali hiyo: upepo ukikaza, hutoka na kukaa upande wa joshini ili uzito wao uzuie chombo kisilale kupita kiasi. Nao wanahamisha miili ili kusawazisha chombo, kama afanyavyo mwendeshaji. Kwa hiyo kulala kwa maana hii si uzushi wa vijiweni.

Ubora mkuu wa neno hili ni mnyambuliko wake. Pikipiki inalala. Mwendeshaji anailaza. Mwendeshaji analala nayo, au hakulala nayo. Kwa kubadili sauti moja tu, lugha yetu imemtaja mtendaji na mtendwa, jambo ambalo matini ya Kiingereza huliachia picha. "Laza pikipiki" na "lala na pikipiki" ni maagizo mawili tofauti, na mwanafunzi wa darasa la nne anaijua tofauti hiyo. Asiyeijua tofauti ya kulaza na kulala, hospitali itamfundisha mnyambuliko wa tatu, yaani kulazwa.

Hapa ndipo tunapowalaumu wafasiri, na pia wenzetu wa istilahi. Tumezoea kudhani kwamba istilahi sharti iwe nomino, ili iweze kupangwa katika orodha. Basi kulala hugeuzwa kuwa mlalo, na pembe ya pikipiki huitwa "pembe ya mlalo". Lakini mlalo una kazi yake tayari katika hisabati: mstari mlalo ni ule uliolala sambamba na upeo wa macho. Mwanafunzi aliyefaulu hisabati atadhani pembe hiyo hupimwa kutoka ardhini, na nyuzi 23 kutoka ardhini ni pikipiki iliyokwisha kuanguka. Wengine wamependekeza mwiniko, kutokana na kuinika, yaani kukiweka kitu kiende upande. Neno ni zuri, ila herufi moja tu inalitenga na mwinuko, ambalo maana yake ni kinyume chake kabisa. Istilahi inayoweza kupinduliwa na kosa la mpiga chapa si istilahi ya kukabidhiwa mtu aliye barabarani.

Kwa hiyo twapendekeza kitenzi kiachwe kitenzi. "Pembe ya kulaza" inatosha. Inaeleweka kwamba ni pembe ambayo mtu ameilaza pikipiki kutoka wima. Vivyo hivyo hatuoni haja ya kuifukuza kona kwa kuwa iliingia lugha yetu kutoka nje. Tukiiita kona pembe, tutakosa jina la pembe yenyewe. Kona imejenga hapa, imezaa, na inalipa kodi.

Usukani na agizo linaloua

Lipo jambo jingine katika mafunzo haya ambalo limekuwa mtego kwa kila lugha. Ili pikipiki iliyo katika mwendo ianze kulala upande wa kulia, mwendeshaji husukuma mbele kidogo mkono wa kulia wa usukani. Kwa nukta moja gurudumu la mbele huelekea kushoto, na pikipiki hulala kulia. Wilbur Wright, yule mmoja wa ndugu wawili walioruka kwa ndege mwaka 1903, alikuwa pia fundi wa baisikeli. Alitambua kwamba waendesha baisikeli wote hufanya hivyo, na kwamba karibu hakuna anayejua kuwa anafanya hivyo.

Jina la Kiingereza la kitendo hicho limejengwa juu ya wazo la ukinyume. Likitafsiriwa neno kwa neno hutupatia agizo kama "geuza usukani kinyume cha kona". Tumwombe msomaji alisome agizo hilo kama atakavyolisoma kijana wa miaka 18 aliyeajiriwa jana, anayeshuka Mlima Kitonga au njia ya Mombo kwenda Lushoto. Kona ni ya kulia; ameambiwa ageuze kinyume; atageuza kushoto kwa nguvu zote. Pikipiki italala kulia ghafla kupita kiasi, au yeye mwenyewe, kwa hofu, ataiacha iende moja kwa moja hadi bondeni. Wajerumani wameukwepa mtego huu kwa kutumia jina linalotaja msukumo mfupi wa usukani, wala halitaji ukinyume. Sisi tunaweza kufanya vizuri zaidi, kwa kutaja mkono: "sukuma mkono wa ndani". Kona ya kulia, mkono wa kulia. Kona ya kushoto, mkono wa kushoto. Nadharia ya kwa nini inakuwa hivyo iwekwe katika sura ya nadharia. Agizo libaki agizo.

Kulia kwa nani?

Neno "ndani" tulilolitumia hapo juu linastahili maelezo. Vitabu vingi vya asili hutoa tahadhari moja muhimu: mwendeshaji anayelala katika kona inayoelekea kwenye magari yanayokuja anaweza kubaki na magurudumu katika njia yake, lakini kichwa na bega lake vikavuka mstari wa katikati. Kitabu cha Kimarekani kitasema tahadhari hiyo ni kwa kona za kushoto, kwa kuwa Wamarekani hupita kulia. Mfasiri akiandika "kushoto" kwa sababu ndivyo alivyokuta, amewaonya Watanzania juu ya kona isiyo na hatari hiyo na kuwanyamazia ile iliyo nayo. Tanzania, Kenya na Uganda hupita kushoto. Kona ya kuogopwa kwao ni ya kulia. Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia, na hali huko ni kama ya Marekani.

Kiswahili kinasomwa pande zote hizo mbili. Kijitabu kimoja chaweza kuvuka mpaka wa Rusumo katika mkoba wa mwalimu, na sentensi iliyokuwa kweli asubuhi ikawa uongo jioni. Ndiyo maana tunashauri kwamba katika maandishi ya aina hii "kulia" na "kushoto" yatumike tu pale mkono au mguu unapotajwa, na upande wa kona utajwe kwa "ndani" na "nje". Tahadhari ile nayo iandikwe hivi: "kona ambayo upande wake wa ndani ni njia ya magari yanayokuja." Ni ndefu, lakini ni kweli Dar es Salaam na ni kweli Kigali.

Abiria amesahauliwa

Kasoro ya mwisho si ya neno, ni ya kutokuwepo kwa maneno. Matini nyingi za asili humwandikia mtu mmoja aliye peke yake juu ya pikipiki yake, na abiria hupewa aya moja mwishoni. Kwetu, mwendeshaji wa bodaboda hana kazi bila abiria, na asipokuwa na abiria ana gunia la mkaa au kreti za soda. Tena mtaa umekwisha kuunda istilahi ambayo hakuna kitabu cha nje kilicho nayo: mshikaki, yaani kupakia watu zaidi ya mmoja wakabanana kama nyama kwenye kijiti. Neno hilo limebeba picha na onyo kwa pamoja, na limetungwa bila kamati.

Kwa uzito, abiria mzima ni sawa na mwendeshaji wa pili. Mwendeshaji akilala na kona huku abiria, kwa hofu, akijivuta upande wa nje, sharti pikipiki ilazwe zaidi ili kufidia woga wake. Abiria anayekaa upande ana uzito usiolingana tangu mwanzo. Mzigo uliorundikwa juu hukipandisha kitovu cha uzito, na pikipiki huwa nzito kuinua baada ya kona. Mfasiri anayetafsiri kwa uaminifu sura ya magoti na nyonga za washindani, kisha akaiacha aya moja ya abiria kama ilivyo, ametafsiri kitabu lakini hajamtafsiria msomaji. Abiria anahitaji agizo lake mwenyewe, na fupi: "Tazama juu ya bega la ndani la dereva, ukae naye." Akitazama hapo, mwili wake utalala kiasi kile kile bila kufundishwa zaidi.

Mapendekezo

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo yafuatayo, tukiyaweka mbele ya wafasiri, walimu na maafisa wanaoidhinisha maandishi ya mafunzo.

Kulaza kutumike kwa kitendo cha mwendeshaji juu ya pikipiki, na pembe ya kulaza kwa kipimo chake kutoka wima.

Kulala nayo kutumike pale mwili na pikipiki vinapokuwa na pembe moja.

Kutangulia ndani kutumike pale mwili unapokwenda ndani ya kona kuliko pikipiki. Neno hili linataja pia wakati, kwa sababu mwili hutangulia kweli: huwekwa tayari kabla pikipiki haijalazwa.

Kubaki wima kutumike pale pikipiki inapolazwa na kiwiliwili kisilale.

Kusukuma mkono wa ndani kutumike kwa kitendo cha usukani kinachoanzisha kulala.

Kuinama, kuegemea na kuning'inia yasitumike katika maagizo ya kukata kona, ila pale yanapotajwa kama makosa.

Maneno haya tumeyachagua kwa kipimo kimoja. Mwalimu wa pikipiki hasemi na mwanafunzi mezani. Anasimama katikati ya uwanja, mwanafunzi amevaa helmeti, injini inanguruma, na agizo lina nafasi ya silabi chache tu. "Laza, baki wima!" linasikika. "Tangulia ndani!" linasikika. Istilahi ya nomino tatu zilizounganishwa kwa viambishi haitafika hata nusu ya uwanja. Kwa fani za vitendo, neno ambalo haliwezi kupigiwa kelele bado halijawa istilahi, hata likiwa limeidhinishwa na kupigwa muhuri.

Yamkini wapo walimu wenye maneno bora kuliko haya, yaliyokwisha kupimwa uwanjani. Tunawaomba wayalete, pamoja na maelezo ya namna wanafunzi wao wanavyoyapokea: ni agizo lipi linalotiiwa mara moja, na ni lipi linalomfanya mwanafunzi asimame na kuuliza. La kwanza tutaliandika katika orodha. La pili tutalirudisha kwa mfasiri, kabla halijamfikia mtu aliye peke yake mlimani, bila mwalimu wa kumwuliza.